Mkanda wa jeshi: Tetekuwanga ya utotoni inaporejea kumtesa mzee

HUANZA kwa maumivu ambayo mtu hawezi kuyaeleza. Mzee huamka asubuhi akihisi upande mmoja wa mbavu ukimchoma kana kwamba amemwagiwa maji moto, ilhali ngozi yenyewe haina alama yoyote. Shati likimgusa hapo, hushtuka. Wengine hudhani ni kichomi, wengine moyo, wengine figo, na si ajabu mgonjwa kurudishwa nyumbani akiwa na vidonge vya kutuliza maumivu tu.

Baada ya siku moja hadi tano hivi, ukweli hujitokeza. Vipele vyekundu huchomoza mahali palepale palipokuwa pakiuma, kisha hugeuka kuwa malengelenge yaliyojaa maji. Hujipanga kama ukanda kutoka kwenye uti wa mgongo kuelekea kifuani au tumboni, na kukomea katikati ya mwili bila kuvuka upande wa pili. Huo ndio ugonjwa ambao Waswahili huuita mkanda wa jeshi.

Jina hilo halikutolewa ovyo. Wagiriki wa kale nao waliuona mshipi mwilini mwa mgonjwa, na jina ambalo madaktari hulitumia hadi leo, zosta, ni neno la Kigiriki lenye maana ya mkanda. Walioishi mbali kabisa na pwani ya Afrika Mashariki waliutazama ugonjwa uleule na kuufananisha na kitu kilekile.

Hata hivyo, wengi wanaoufahamu kwa jina hawaelewi unakotoka. Kuna wanaoamini kwamba ni mkono wa jirani mwenye husuda. Kuna wanaodhani ni mdudu aliyewatambaa usiku. Dhana hii ya pili ina sababu, kwani mdudu anayejulikana kama Nairobi fly, ambaye huzidi wakati wa mvua nyingi, huacha sumu inayobabua ngozi kwa mstari unaoweza kufanana na mkanda wa jeshi. Tofauti ni kwamba sumu ya mdudu hubabua popote ilipopakazwa na haifuati njia ya neva. Maumivu ya mkanda wa jeshi, kwa upande wake, mara nyingi hutangulia vipele kwa siku kadhaa.

Chanzo halisi ni virusi vilevile vinavyosababisha tetekuwanga. Mtoto anapougua tetekuwanga, hujaa vipele mwili mzima, huwashwa kwa wiki moja au mbili, kisha hupona na kurejea shuleni. Wazazi husahau. Virusi, lakini, havikuondoka. Hurudi nyuma kupitia neva za ngozi na kujificha katika vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo na chini ya ubongo. Humo hulala kwa miaka 30, 50 au hata 70 pasipo kumdhuru mwenyeji wao.

Kinachovizuia kuamka ni kinga ya mwili, hasa zile chembe nyeupe za damu zinazokumbuka adui wa zamani. Umri unaposonga, kumbukumbu hiyo hufifia. Siku mlinzi anaposinzia, virusi huamka katika kifundo kimoja, huongezeka, na kusafiri kwa kufuata neva hadi kwenye ngozi. Kwa kuwa kila neva huhudumia utepe mmoja wa ngozi wa upande mmoja wa mwili, vipele hutokea kwenye utepe huo tu. Hii ndiyo siri ya mkanda. Na kwa sababu neva yenyewe ndiyo inayoshambuliwa, maumivu yake si ya kawaida.

Ufahamu huu ulichukua miaka mingi kupatikana. Mwaka wa 1892, daktari wa watoto János Bókay jijini Budapest aligundua kwamba watoto walipata tetekuwanga baada ya kukaribiana na watu wazima wenye mkanda wa jeshi. Lakini ni Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, aliyeunganisha mambo yote. Kwa miaka 16 aliandika habari za kila mgonjwa wa mkanda wa jeshi aliyemtibu, jumla yao 192. Mwaka wa 1965 alieleza kwamba ugonjwa huo ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka, na akakadiria kuwa miongoni mwa watu wanaofikisha umri wa miaka 85, nusu watakuwa wameuonja.

Takwimu za baadaye hazikumkosoa sana. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya kila watatu huugua mkanda wa jeshi maishani mwake, na hatari hupanda kwa kasi baada ya miaka 50. Mbali na wazee, walio hatarini ni wagonjwa wa saratani wanaotibiwa kwa dawa kali, waliopandikizwa figo au kiungo kingine, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wanaoishi na virusi vya HIV.

Hapo kwenye HIV ndipo penye tatizo kubwa kwa Wakenya. Katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali kuenea, madaktari katika nchi nyingi za Afrika waliona vijana wengi wenye mkanda wa jeshi, na walipopimwa wengi wao walipatikana na virusi hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizi ya HIV. Tangu hapo, mitaani na vijijini, mkanda wa jeshi ukawa kama tangazo lililobandikwa mwilini.

Kwa kijana, tahadhari hiyo bado ina maana. Mtu wa miaka 25 au 35 anayepata mkanda wa jeshi anashauriwa kupimwa, kwa sababu akijulikana mapema anaweza kuanza dawa na kuishi maisha marefu. Lakini hata kwake ugonjwa huo si uthibitisho, kwani unaweza kumpata mtu asiye na virusi kabisa. Kwa bibi wa miaka 72, sababu iliyo karibu zaidi ni umri wake.

Hata hivyo, aibu haibagui umri. Mzee aliyeishi kwa heshima miaka yote huogopa kumwonyesha mwanawe ubavu wake. Huvaa fulana mbili, hupaka mafuta, majivu au dawa ya meno, na kungoja upone wenyewe. Anapofika hospitalini ni siku ya saba au ya nane, wakati muda wa kumsaidia vilivyo umeshapita.

Muda huo una kipimo. Dawa za kukabiliana na virusi hivi, ambazo ni asiklovia, valasiklovia na famsiklovia, hufanya kazi vyema zaidi zikianzwa katika saa 72 za kwanza baada ya vipele kutokea. Asiklovia, iliyo ya bei nafuu kuliko wenzake, kwa kawaida hutolewa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Daktari hupunguza kipimo kwa mgonjwa ambaye figo zake hazifanyi kazi sawasawa, jambo ambalo ni la kawaida kwa wazee, ndiyo maana dawa hii haifai kununuliwa dukani kwa kubahatisha. Dawa za kuua bakteria, ambazo wengi hukimbilia kununua, haziwezi kuua virusi. Hutumika tu iwapo vidonda vimeingia usaha.

Wengi wa wagonjwa hupata nafuu. Malengelenge hukauka na kufanya vigaga katika siku 7 hadi 10, na ngozi hupona baada ya wiki mbili hadi nne. Laiti ugonjwa ungeishia hapo, usingalikuwa na haja ya chanjo. Lakini kwa mgonjwa 1 hivi hadi 2 kati ya kila 10, vipele hupotea na maumivu yakabaki.

Neva iliyojeruhiwa huendelea kutuma ujumbe wa maumivu ubongoni, miezi mitatu baadaye, mwaka mmoja baadaye, wakati mwingine miaka kadhaa. Wanaougua huyaeleza maumivu hayo kama ya kuungua, kuchomwa sindano au kupigwa na umeme. Wapo wasioweza kuvumilia hata shuka au upepo wa dirishani. Usingizi hupotea, hamu ya chakula huisha, na mzee aliyekuwa akienda sokoni na kwenye ibada mwenyewe hujifungia chumbani. Jamaa zake, wasioona kidonda chochote, huanza kudhani kwamba anajidekeza.

Maumivu haya hayasikii sana dawa za kawaida. Madaktari hutumia dawa zinazotuliza neva, kama vile amitriptilini, gabapentini na pregabalini, ambazo kwa mzee zina gharama yake: usingizi wa mchana, kizunguzungu na hatari ya kuanguka. Kadiri mtu anavyozidi kuwa na umri mkubwa, ndivyo uwezekano wa kubaki na maumivu hayo unavyoongezeka.

Isitoshe, si kila mkanda hukaa kifuani. Virusi vikiamka katika neva ya uso, vipele huweza kutokea kwenye paji na kope, na jicho likawa hatarini. Kipele kimoja kwenye ncha ya pua ni onyo kwamba jicho huenda limeguswa, kwa kuwa tawi moja la neva huhudumia sehemu zote mbili. Mgonjwa wa aina hii anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo, kwani akichelewa anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Neva ya sikio nayo ikishambuliwa, uso huweza kupooza upande mmoja na masikio kupungukiwa na uwezo wa kusikia. Aidha, uchunguzi umeonyesha kwamba hatari ya kiharusi huongezeka katika majuma yanayofuata shambulio la mkanda wa jeshi.

Kuna imani iliyoenea katika nchi nyingi kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake kukutana, mgonjwa hufa. Imani hiyo haina msingi. Ni nadra vipele kutokea pande zote mbili, na vikitokea au kusambaa mwilini ni dalili kwamba kinga imedhoofika sana, kwa hivyo mgonjwa apelekwe hospitalini. Si kukutana kwa ncha kunakoua.

Swali jingine ambalo familia huuliza ni iwapo ugonjwa huu huambukiza. Hakuna anayeambukizwa mkanda wa jeshi na mwingine. Lakini maji ya malengelenge yana virusi hai, na mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa dhidi yake akiyagusa, anaweza kupata tetekuwanga. Kwa sababu hiyo vipele hufunikwa kwa kitambaa safi hadi vifanye vigaga, na mgonjwa hujitenga na mama mjamzito ambaye hajawahi kupata tetekuwanga, mtoto mchanga na mtu mwenye kinga dhaifu. Hakuna haja ya kumtengea mzee sahani wala kumhamishia kibanda cha nje.

Ikiwa dawa husaidia tu zikiwahi, na maumivu yakishakaa ni vigumu kuyaondoa, basi busara ni kuvizuia virusi visiamke. Hapo ndipo chanjo inapoingia.

Chanjo ya kwanza, Zostavax, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006. Ilitengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Katika utafiti uliohusisha zaidi ya watu 38,000 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2005, ilipunguza visa vya mkanda wa jeshi kwa asilimia 51, na maumivu ya kudumu kwa asilimia 66. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilikuwa na kasoro mbili. Nguvu yake ilipungua kadiri miaka ilivyopita, na haikuweza kutolewa kwa watu wenye kinga dhaifu, ambao ndio walioihitaji zaidi. Iliacha kuuzwa Marekani mwaka wa 2020.

Nafasi yake ilichukuliwa na Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2017. Hii haina virusi hai. Ina kipande kimoja tu cha protini kutoka kwenye ganda la virusi, kikichanganywa na kiamshi cha kinga. Hutolewa sindano mbili begani, ya pili ikifuata baada ya miezi miwili hadi sita, kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Tangu mwaka wa 2021 iliruhusiwa Marekani pia kwa watu wa miaka 18 na zaidi ambao kinga yao imedhoofika au inatarajiwa kudhoofika.

Matokeo yake yaliwashangaza hata wataalamu. Kwa kawaida chanjo huwa hazina nguvu kwa wazee. Lakini katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2015, Shingrix ilizuia asilimia 97 ya visa kwa watu wa miaka 50 na zaidi, na katika yale ya mwaka wa 2016 ilizuia takriban asilimia 90 kwa waliopita miaka 70. Waliofuatiliwa kwa muda mrefu walionekana bado wana kinga ya takriban asilimia 80 kati ya mwaka wa sita na wa kumi na mmoja.

Je, ina madhara? Wengi huumwa begani, huchoka, huumwa kichwa na misuli, na baadhi hupata homa. Mtu 1 hivi kati ya 6 hushindwa kufanya shughuli zake za kawaida, lakini hali hiyo huisha katika siku mbili au tatu. Mwaka wa 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kuhusu ugonjwa adimu wa kupooza kwa neva unaoitwa Guillain-Barré, ambao ulionekana kuongezeka kwa visa vichache mno kwa kila dozi milioni moja. Mtu aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi anaweza kuchanjwa, ila angoje apone kwanza.

Faida nyingine imeanza kuonekana mahali ambapo haikutarajiwa. Wales ilipoanza kutoa chanjo ya zamani mnamo Septemba 1, 2013, iliamuliwa kwamba waliozaliwa kabla ya Septemba 2, 1933, hawangeipata. Hivyo watu waliopishana umri kwa majuma machache tu waligawanywa makundi mawili, moja lenye chanjo na jingine lisilo nayo. Watafiti walipopitia rekodi zao, waliripoti katika jarida la Nature mwaka wa 2025 kwamba waliochanjwa walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 20 wa kupatikana na maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni katika miaka saba iliyofuata. Bado haijaelezwa chanjo inafanyaje hivyo, na hakuna anayepaswa kuichukua kama dawa ya usahaulifu. Lakini ni sababu ya kuitazama kwa makini zaidi.

Nchini Kenya, ratiba ya chanjo za serikali imelenga zaidi watoto na kina mama wajawazito. Chanjo ya tetekuwanga haimo katika ratiba hiyo, wala ya mkanda wa jeshi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na Wakenya wapatao milioni 1.4 wanaishi na virusi vya HIV. Hao ndio ambao ugonjwa huu unawanyemelea.

Kikwazo kikuu ni bei. Nchini Marekani dozi moja ya Shingrix huuzwa zaidi ya dola 150, na mtu huhitaji dozi mbili. Huko wazee walio katika bima ya serikali wameipata bila kulipa tangu mwaka wa 2023. Kwa nchi ambayo bado inasaka fedha za kununulia chanjo za surua na kifua kikuu za watoto, kuichanja idadi kubwa ya wazee kwa bei kama hiyo si jambo la kesho. Mwaka wa 2025, WHO ilizishauri nchi ambazo mkanda wa jeshi ni tatizo kubwa la afya ya umma zifikirie kuiingiza chanjo hiyo katika mipango yao. Hatua ya kwanza, basi, ni kuhesabu wagonjwa, kwani tatizo lisilohesabiwa halitengewi bajeti.

Teknolojia yenyewe si ngeni kwa Kenya. Kiamshi cha kinga kilichomo katika Shingrix ni cha jamii moja na kile kilichotumika katika chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo watoto wa magharibi mwa Kenya walianza kuchanjwa mnamo Septemba 2019. Sehemu yake moja hutolewa kwenye gamba la mti unaomea nchini Chile. Ikiwa kilichomkinga mtoto wa Homa Bay kilipatikana kwa ushirikiano wa serikali na mashirika ya kimataifa, si ndoto kufikiri kwamba nyanyake anaweza kufikiriwa siku moja.

Kabla siku hiyo kufika, yapo yanayowezekana. Mwenye uwezo, hasa aliyepita miaka 50 au anayetarajia kuanza matibabu yatakayodhoofisha kinga, amuulize daktari wake kuhusu chanjo. Anayeishi na virusi vya HIV asikatize dawa zake, kwa kuwa kinga imara ndiyo ngao ya kwanza.

Kwa wengine wote, silaha iliyopo ni saa 72. Maumivu ya kuungua upande mmoja wa mwili, yakifuatwa na vipele vilivyojipanga kama ukanda, ni sababu ya kwenda hospitalini siku hiyo, si baada ya soko la Jumamosi. Na mwana anayemwona mzazi wake akishika ubavu na kukataa kuvua shati mbele ya watu amuulize kwa upole, faraghani. Huenda mzee huyo anaficha ugonjwa usio na aibu yoyote ndani yake, huku saa za kumwokoa zikiyoyoma.